Neno Lililokwaruzwa Mstari wa 15

Kwenye ukurasa wa kwanza wa Katiba ya Marekani, mstari wa 15, neno linalomaanisha thelathini limeandikwa juu ya mkwaruzo. Awali hapo palikuwa na arobaini. Wino wa kwanza ukakwanguliwa kwa kisu kidogo, neno jipya likapandishwa juu yake, na ukurasa ukaendelea. Huwa narudi kwenye mstari huo kila ninaposoma habari za serikali ya Marekani, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo vitabu vya uraia hulipita mbio: serikali ile ilitengenezwa kwa mikono.

Darasani misingi yake hutajwa kwa majina. Mamlaka yanatoka kwa wananchi. Serikali ina mipaka. Kuna mihimili mitatu inayochungana, na madaraka yamegawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Yote hayo ni kweli. Lakini kila msingi ulipata umbo lake mezani, mbele ya watu wenye kalamu, walioweza kuipitisha sentensi Jumatatu na kuifungua upya Alhamisi bila kuona haya. Ufundi huo ndio unaostahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Kazi ilianza kabla ya mkutano. James Madison wa Virginia, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alimwomba rafiki yake Thomas Jefferson, aliyekuwa akiiwakilisha nchi yao mjini Paris, amtumie vitabu. Akatumiwa kwa masanduku. Madison akasoma habari za mashirikisho ya kale ya Wagiriki, ya Uswisi na ya Uholanzi, akiandika kwa kila moja lilivyoundwa na mahali lilipolegea. Aprili 1787 akageukia nchi yake, akaandika waraka juu ya kasoro zake. Zilikuwa wazi. Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika 1781, ulikuwa umeunda Bunge lisiloweza kutoza kodi. Lilipohitaji fedha liliyaomba majimbo, nayo yalitoa yakipenda. Kuubadili mkataba wenyewe kulitaka ridhaa ya majimbo yote 13. Kuanzia 1786 hadi mwanzo wa 1787, wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni walikuwa wamezifunga mahakama kwa silaha, Daniel Shays akiwa mmoja wa viongozi wao, na Bunge hilo halikuwa na nguvu ya maana ya kupeleka huko.

Mkutano ulipangwa kuanza tarehe 14 Mei 1787, Philadelphia, katika jumba lile lile ambamo Azimio la Uhuru lilipitishwa 1776. Wajumbe wakachelewa, na akidi ikatimia tarehe 25. Watu wa Virginia hawakukaa bure wakati wa kungoja. Walikutana, wakaandaa maazimio 15, na tarehe 29 gavana wao, Edmund Randolph, akayasoma mbele ya wenzake. Waliotangulia kuwa na karatasi ndio walioamua mjadala uanzie wapi.

Kabla ya kugusa hoja yenyewe waliweka kanuni za chumba, na mimi naziona kuwa chombo cha kwanza cha fundi. Milango ilifungwa na mazungumzo yakawa siri. Kila jimbo lilikuwa na kura moja. Jambo lililokwisha kuamuliwa liliweza kurudishwa mezani. Rufus King wa Massachusetts akapinga kura kuandikwa kwa majina ya watu, kwa hoja kwamba mawazo yatabadilika kadiri kazi inavyoendelea, na kumbukumbu zingejaa kauli zinazopingana. Wakakubali. George Washington alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Madison akachagua mahali mbele yake, wajumbe wengine wakiwa kulia na kushoto, ili asikie kila upande. Alinukuu kwa vifupisho mchana kutwa, kisha akaandika upya kwa ukamilifu nje ya vikao. Kumbukumbu hizo zilichapishwa 1840, miaka minne baada ya kufa kwake, na bila hizo tungejua kidogo sana kuhusu yaliyosemwa mle ndani.

Juni yote na nusu ya Julai walibishana kuhusu mizani: majimbo makubwa yawe na sauti kwa idadi ya watu, au kila jimbo liwe sawa na jingine? Tarehe 16 Julai, kwa kura tano dhidi ya nne, Massachusetts ikiwa imegawanyika, wakaamua kwamba baraza moja lifuate idadi ya watu na la pili liyape majimbo usawa. Madison alishindwa siku hiyo. Kesho yake akashindwa tena: alitaka Kongresi iwe na uwezo wa kufuta sheria za majimbo, na wengi wakakataa. Mahali pa wazo hilo Luther Martin wa Maryland akaweka jingine, kwamba sheria za muungano ziwe juu na majaji wa majimbo wafungwe nazo. Kwa namna hiyo ulinzi wa muungano ukahamia mikononi mwa hakimu. Leo, ukisoma Ibara ya 6, humo ndimo lilimo fundo linaloishikilia nchi nzima, na lilifungwa na mtu ambaye baadaye aliondoka mkutanoni na kuipinga Katiba. Madison, aliyeshindwa mara mbili kwa siku mbili, aliendelea kuandika.

Mwisho wa Julai walikuwa na maazimio zaidi ya ishirini yaliyopitishwa vipande vipande. Wakawakabidhi watu watano, nao wengine wakaenda mapumzikoni hadi tarehe 6 Agosti. Watano hao walikuwa John Rutledge wa South Carolina, Randolph, Oliver Ellsworth, Nathaniel Gorham na James Wilson. Rasimu ya kwanza tuliyo nayo iko kwa mkono wa Randolph, na ndani yake Rutledge ameingiza masahihisho kwa mkono wake. Juu kabisa Randolph alijiandikia kanuni mbili. Ya kwanza: viingizwe vya msingi tu, ili serikali isije ikabanwa na mambo yanayopaswa kubadilika na nyakati. Ya pili: lugha iwe nyepesi na sahihi, na kauli ziwe za jumla. Watunga sheria wengi wamezisahau, na gharama yake inaonekana kwenye katiba nyingi duniani zilizonenepa kwa maelezo.

Kutoka kwa Randolph kazi ilifika kwa Wilson, mwanasheria mzaliwa wa Scotland, ambaye rasimu zake bado zimehifadhiwa Philadelphia. Fundi mzuri hana haya ya kutumia mbao za zamani, na kamati hii ilichukua palipofaa: kutoka Mkataba wa Shirikisho, na kutoka katiba za majimbo kama ile ya New York ya 1777 na ya Massachusetts ya 1780, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na John Adams. Nyuma ya hizo kulikuwa na karne kadhaa za Waingereza kuwawekea wafalme mipaka kwa maandishi, tangu Magna Carta ya 1215 hadi Sheria ya Haki ya 1689. Kilichokuwa kinaitwa kwa ujumla mtendaji wa taifa kikapata jina, Rais. Mahakama ya taifa ikawa Mahakama Kuu Kabisa.

Hatua kubwa kupita zote ilikuwa kwenye mamlaka ya Kongresi. Azimio walilokabidhiwa lilisema kwa mapana kwamba Kongresi itunge sheria pale ambapo majimbo hayawezi. Neno pana namna hiyo halina ukingo. Kamati ikaliondoa, ikaweka orodha: kutoza kodi, kusimamia biashara na nchi za nje na kati ya majimbo, kutengeneza sarafu, kuanzisha ofisi za posta, na mengine. Mwisho wa orodha wakaongeza kifungu cha kutunga sheria zote za lazima na zinazofaa kutekeleza hayo yaliyotangulia. Serikali yenye mipaka ilizaliwa hapo, kwenye orodha. Uwezo wake wa kunyooka ukazaliwa kwenye kifungu kilichoifunga orodha hiyo.

Tarehe 6 Agosti kila mjumbe alipewa nakala iliyopigwa chapa, pembeni imeachwa nafasi pana ya kuandikia. Nakala ya Washington bado ipo, na maandishi yake yamejaa kwenye nafasi hiyo. Wiki tano zilizofuata walipita mstari kwa mstari. Tarehe 17 Agosti walifika mahali rasimu iliposema Kongresi itakuwa na mamlaka ya kuendesha vita. Madison na Elbridge Gerry wakapendekeza kitenzi kimoja kibadilishwe, iwe kutangaza vita, ili Rais abaki na uwezo wa kurudisha shambulio la ghafla bila kungoja wabunge wakutane. Kitenzi kimoja tu, na uamuzi wa kuingia vitani ukabaki kwa wawakilishi huku jukumu la kujilinda likiwa kwa mtendaji. Marais na wabunge wanavutana juu ya kitenzi hicho hadi leo, lakini wanavutana wakiwa wamesimama juu yake.

Tarehe 8 Septemba ikawa zamu ya kumwondoa Rais madarakani. Rasimu ilitaja uhaini na rushwa tu. George Mason aliona hayo hayatoshi, akapendekeza kuongeza utawala mbaya. Madison akapinga: kosa lisilo na umbo litamfanya Rais akae kwa hisani ya Seneti. Mason hakung'ang'ania. Akayaondoa maneno yake, akaweka maneno ya sheria za Uingereza yanayomaanisha uhalifu mkubwa na makosa mengine ya kiofisi, na wakapitisha. Sijasoma mfano mzuri zaidi wa watu wawili kusahihishana: mmoja aliona pengo, mwingine akaona kwamba kizibo ni kikubwa mno, na wa kwanza akachonga kingine papo hapo.

Siku hiyohiyo iliteuliwa kamati ya kunyoosha mtindo: William Samuel Johnson, Alexander Hamilton, Madison, King na Gouverneur Morris. Kalamu ikawa ya Morris. Alikuwa na mguu wa mti, na aliongea mkutanoni kuliko mjumbe mwingine yeyote. Kwenye kuandika alikuwa mchache wa maneno. Alipokea ibara 23, na kwa siku nne kamati ikazirudisha zikiwa saba. Miaka mingi baadaye Madison mwenyewe alikiri kwamba usafi wa mwisho wa lugha ni wa Morris.

Tazama alivyopanga. Ibara ya 1 inaanza kwa kusema mamlaka ya kutunga sheria yamewekwa kwa Kongresi. Ibara ya 2 inasema mamlaka ya utendaji yamewekwa kwa Rais. Ibara ya 3 inasema mamlaka ya kuhukumu yamewekwa kwenye Mahakama. Kitenzi ni kilekile mara tatu, mlango uleule kwenye vyumba vitatu. Mgawanyo wa madaraka, ambao Montesquieu alikuwa ameueleza 1748 katika kitabu kikubwa, hapa unaonekana kwa jicho kabla hujaelezwa. Kisha ndani ya kila chumba kuna dirisha la kuchungulia chumba cha jirani. Rais anaweza kuurudisha muswada, naye ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Mabaraza yanaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Majaji wanateuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti, na wanakaa muda wote wanapokuwa na mwenendo mwema.

Halafu kuna utangulizi. Rasimu ya Agosti ilianza na sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, na kuendelea hadi Georgia, jimbo baada ya jimbo. Hapo palikuwa na tatizo la kazi. Ibara ya mwisho ilisema Katiba itaanza majimbo tisa yakiidhinisha, na hakuna aliyejua ni tisa gani. Rhode Island haikuleta hata mjumbe mmoja. Orodha ya majina ingeweza kuwa uongo siku ya kwanza. Ikafutwa, na mahali pake pakawa na sisi watu wa Marekani, ndani ya sentensi moja ya maneno 52 inayotaja madhumuni ya serikali na kumtaja mwenye nayo. Katika sentensi hiyo, wananchi ndio wanaotenda. Katiba ndiyo wanayoitenda.

Lakini kalamu hiyohiyo, kwa uangalifu uleule, ilifanya kazi nyingine ambayo siwezi kuipita. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu laki 7 nchini humo. Katiba inawagusa mahali kadhaa na haiwataji. Kwenye hesabu ya wawakilishi wanaitwa watu wengine wote, na wanahesabiwa sehemu tatu kati ya tano. Biashara ya kuwaleta kwa meli inalindwa hadi 1808 kwa maneno ya mzunguko kuhusu watu ambao majimbo yataona vema kuwapokea. Anayetoroka anaitwa mtu aliyefungwa na utumishi au kazi. Madison alisema waziwazi tarehe 25 Agosti kwamba si sawa kuingiza ndani ya Katiba wazo kwamba binadamu anaweza kuwa mali. Tarehe 15 Septemba waliliondoa neno moja lililodokeza kwamba kufungwa huko ni halali, wakaweka kwamba ni kwa mujibu wa sheria za jimbo, kwa sababu baadhi yao waliogopa kuonekana wanauhalalisha utumwa kimaadili. Waliona aibu ya kutosha kuficha jina, na hawakuona ya kutosha kuwaachilia watu. Ustadi wa kuficha ni ustadi pia, na uchungu wake ni kwamba umefanywa vizuri.

Jumamosi hiyo ya tarehe 15 Katiba ilipitishwa, ikaamriwa inakiliwe kwenye ngozi. Kazi ilikwenda kwa Jacob Shallus, karani msaidizi wa Bunge la Pennsylvania, aliyewahi kupigana kwenye vita vya uhuru. Alikuwa na usiku wa Jumamosi na siku ya Jumapili.

Ngozi ya kuandikia hulowekwa kwenye maji ya chokaa, hutolewa manyoya, hukazwa kwa kamba kwenye fremu ikiwa mbichi, na hukwanguliwa hadi iwe nyembamba na laini pande zote. Shallus alihitaji nne, kila moja kama sentimita 73 kwa 60. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini: shina hukaushwa kwa joto, ncha huchongwa kwa mshazari, kisha hupasuliwa katikati ili wino uteremke. Ncha hiyo huchoka upesi, na mwandishi husimama kila mara kuichonga upya. Wino ulitokana na vivimbe vya mti wa mwaloni vilivyosagwa na kulowekwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Unapoandika hutoka hafifu, kisha hewa huufanya mweusi, na miaka ikipita hugeuka kahawia. Hauketi juu ya ngozi tu, huiuma. Ndiyo maana kosa haliwezi kupanguswa. Linakwanguliwa kwa kisu kilekile cha kuchongea kalamu, taratibu, bila kutoboa.

Maneno zaidi ya 4,000, mistari ikiwa imenyooka, vichwa vya ibara kwa herufi nene, na maneno matatu ya kwanza makubwa kupita yote. Kwa mwendo wa kawaida wa mkono, mstari mmoja kwenye ngozi pana kiasi hicho ni safari. Shallus aliruka neno mara chache. Kwenye sentensi inayosema Rais akihukumiwa, Jaji Mkuu ndiye ataongoza kikao, alisahau kitenzi cha kuhukumiwa, akakichomeka juu kati ya mstari wa 32 na wa 33. Malipo ya kunakili yaliyoingizwa kwenye hesabu ni dola 30. Jina lake halipo popote kwenye zile ngozi nne.

Jumatatu tarehe 17 maandishi yalisomwa. Kabla ya sahihi, Gorham akaomba badiliko moja zaidi: kiwango cha mwakilishi mmoja kutowakilisha chini ya watu 40,000 kiwe 30,000, ili wananchi wawe karibu zaidi na mbunge wao. Washington akasimama. Kiti kilikuwa kimemnyamazisha hadi hapo, akasema, lakini kwa hili angependa wamkubalie. Hakuna aliyepinga. Ngozi ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwa hiyo kisu kikarudi mstari wa 15. Kisha, chini ya ukurasa wa nne, upande wa kushoto, yakaandikwa maelezo ya maneno yaliyochomekwa na lile lililo juu ya mkwaruzo, pamoja na namba za mistari, ili asitokee mtu baadaye akadai hati imechezewa. Naiona aya hiyo ndogo kuwa yenye heshima kuliko zote. Hati inayojiita sheria kuu ya nchi inaanza maisha kwa kuorodhesha makosa yake mwenyewe mbele ya watia sahihi.

Majina 39 ya wajumbe yako mwishoni mwa hati. Mojawapo, la John Dickinson aliyekuwa mgonjwa, liliandikwa na mwenzake George Read kwa ombi lake. Randolph, aliyesoma maazimio ya kwanza, hakutia sahihi; wala Mason; wala Gerry. Mason alikuwa ameomba iongezwe orodha ya haki za raia, na hakuna jimbo hata moja lililomuunga mkono.

Dai lake lilirudi upesi, maana kanuni ya kufungua upya sasa ilikuwa ndani ya Katiba yenyewe: Ibara ya 5, theluthi mbili ya mabaraza kupendekeza, robo tatu ya majimbo kuidhinisha. 1789 Madison alileta marekebisho. Alitaka kiraka kifumwe ndani ya kitambaa, maneno mapya yaingie yanapohusika na ya zamani yatoke. Roger Sherman wa Connecticut, aliyekuwa miongoni mwa watia sahihi, akashikilia kwamba maandishi ya asili yasiguswe na nyongeza ziwekwe mwishoni. Sherman akashinda. Kumi zikaidhinishwa 1791, na leo ziko 27. Ya mwisho ilikuwa miongoni mwa zilizopendekezwa 1789, ikapata idhini ya kutosha 1992.

Uamuzi huo wa Sherman ndio unaomfanya msomaji wa leo aone kila tabaka la kazi. Ibara ya 1 bado inasema watu wengine wote, sehemu tatu kati ya tano. Ukishuka hadi Marekebisho ya 13, ya 1865, unakuta neno utumwa limeandikwa kwenye Katiba kwa mara ya kwanza, nalo limeandikwa ili lipigwe marufuku, isipokuwa iwe adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai. Marekebisho ya 14, ya 1868, yanaagiza kila jimbo lihesabiwe kwa idadi nzima ya watu wake, bila wenyeji asilia wasiotozwa kodi. Hao nao walisubiri mikono mingine.